Blanketi Juu ya Laptopu

Kwa miaka mingi nilisafiri na matofali mawili ndani ya mfuko wa salfeti. Nikifika kwenye sherehe nilishusha spika, amplifaya, mikisa, jenereta, na mwisho matofali, na hapo ndipo watu walipoanza kunicheka. Mzee mmoja wa Dongobesh aliniuliza kama nikimaliza kupiga muziki huwa nawajengea wenyeji choo. Sikuwa mtu wa kucheka sana hata wakati ule, na kazini nilikuwa sicheki kabisa.

Matofali yalikuwa ya laptopu. Laptopu za mtumba, na sisi tulizozimudu zote zilikuwa za mtumba, zina kifeni kidogo tumboni kinachotoa joto nje. Ukiilaza mezani kifeni kinakosa hewa. Kinaanza kulia, kisha kinalia zaidi, na mashine ikiona imezidiwa inajizima yenyewe bila kumuaga mtu. Wimbo unakatika katikati ya neno. Wanaocheza wanabaki mikono juu, halafu wote wanageuka kukutazama wewe. Nimewahi kuumwa na mbwa na nimewahi kuanguka na pikipiki, na bado naona afadhali hayo.

Kazi hii niliianza na kaseti. Soko huria lilipofunguliwa, redio kubwa za mtumba zilianza kuonekana minadani kwetu, zikiuzwa pembeni ya ng'ombe na suruali kuukuu, nami nikashikwa na ugonjwa huo moja kwa moja. Baada ya kaseti zikaja sidii. Halafu, tulipokuwa tunaanza kuzoea kujiita watu wa mkoa wa Manyara, nikaenda Arusha nikarudi na laptopu nzito ambayo nusu ya herufi zake zilikuwa zimefutika.

Habari ya joto sikuijua mapema, kwa sababu sherehe zangu za kwanza zilikuwa juu, Mbulu. Kule unapiga muziki umevaa koti na soksi nzito, na mashine inakesha bila kulalamika. Shida ilikuwa nyumbani. Wazazi wangu walizaliwa milimani, wakashuka Hanang kutafuta shamba kabla sijazaliwa, wakaishia Gendabi, majirani zetu wakiwa wafugaji wenye ng'ombe wengi na maneno machache. Gendabi mwezi wa kumi, kabla mvua haijaonja ardhi, jua linakaa juu ya turubai kutwa nzima na vumbi la njia ya mifugo linaingia hadi kwenye chai.

Mama hakuwahi kukubali kwamba amehama. Maisha yake yote ya ndoa ameishi bondeni, na bado anaishi kama mtu wa milimani, ambako kila kilichofanya kazi kikachemka lazima kifunikwe kisipigwe na baridi. Punda akirudi na madumu ya maji anatupiwa gunia mgongoni. Ng'ombe akizaa, gunia. Mtu akitoka kupalilia jasho linamtiririka anapewa kitenge ajifunike mabega, hata kama kivulini kwenyewe kunaunguza. Utotoni nikiugua homa nilifunikwa mablanketi mpaka sioni dirisha. Na kwa kuwa wote tulipona, hakuna aliyekuwa na la kumwambia.

Mimi kazi yangu ilinifundisha kinyume. Matofali chini, visoda vya chupa kwenye pembe za laptopu ili ikae juu ya matofali bila kuyagusa. Gunia lililoloweshwa maji, nikilitundika nyuma ya meza upande unakotoka upepo. Feni ya mezani kama jenereta ina nguvu ya kutosha. Mswaki wa kutoa vumbi kwenye matundu. Wapambaji ndio walionitesa. Mpambaji hawezi kuona meza ya dijei bila kuivisha kitambaa cha satini mpaka chini, na akimaliza anavuta ncha moja na kuipitisha juu ya mashine ili ipendeze kwenye picha. Nilikuwa natoa, wanarudisha. Tuligombana hadi mbele ya maharusi. Waliniita mchawi wa matofali, na mimi jina nililowaita siwezi kuliandika.

Sasa nimfikie baba.

Kwetu binti haondoki nyumbani kwa sala ya padri peke yake. Padri akishamaliza, mzee husimama akatoa baraka za Kiiraqw, tunaziita slufay, maneno marefu ya kuomba mvua, watoto, mifugo, amani njiani, na kila baada ya maneno machache mzee hunyamaza na watu wote huitikia kwa sauti moja nzito. Baba alikuwa mtu wa kazi hiyo. Aliitwa Gendabi, aliitwa hadi milimani walikobaki ndugu zake. Mabinti wengi wa watu waliondoka kwao kwa sauti yake. Kwake alikuwa amebaki mmoja tu wa kuolewa, dada yangu, kitinda mimba, ambaye baba alimpenda kiasi cha kutuudhi wengine.

Koo lake lilianza kama mafua. Likawa kikohozi, likawa sauti ya kukwaruza, na madaktari walipomwangalia vizuri walisema watamtibu lakini sauti wasitegemee kuirudisha. Wakati huo posa ya dada ndiyo kwanza ilikuwa imekubaliwa, mchumba akiwa mtu wa Dongobesh, kule milimani, na sherehe ilikuwa mbali bado. Baba hakuwa na tabia ya kuniuliza juu ya vyombo vyangu. Nadhani aliviona vya kitoto. Siku hiyo alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Ile mashine yako inaweza kushika sauti?"

"Inaweza, baba."

"Basi ishike yangu kabla haijaisha."

Tulirekodi chumbani kwake, madirisha yamefungwa. Alivaa koti na kofia kama anakwenda ugenini. Alianza vizuri, sauti ikiwa imechakaa lakini ni yake, na baada ya mistari michache akanyamaza. Nilifikiri amechoka. Akaendelea, akanyamaza tena. Nikasimamisha mashine nikamwambia kwa adabu kwamba hana haja ya kuacha nafasi, aseme tu moja kwa moja, itatoka nzuri zaidi.

"Nisiponyamaza, wataitikia saa ngapi?" baba akasema. "Hii haisemwi na mtu mmoja."

Basi tukarekodi na mapengo yake. Ukisikiliza vizuri, ndani ya kila pengo unamsikia mama akitwanga mahindi uani, na kuku. Nilitaka turudie bila kelele hizo, lakini baba hakuwa na sauti ya kurudia.

Ilibaki ndani ya laptopu ile tu. Kichomea sidii kilikuwa kimekufa na flashi yangu ilikuwa imeliwa na virusi, na nilijiambia nitatafuta nyingine nikienda Babati. Sikwenda. Mpaka siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga dada, sauti ya baba ilikuwa mahali pamoja duniani, na mahali hapo palikuwa panachemka.

Siku hiyo jua lilikuwa kali kuliko nilivyoogopa. Baba alikaa mbele na skafu shingoni, hasemi, akisalimiwa shikamoo na watu waliojua hawezi kuitika marahaba, naye akawagusa tu vichwa. Mimi nilikuwa watu wawili, dijei na kaka wa bibi harusi, na wote wawili hawakutulia. Kila wimbo ulipoanza nilipitisha kiganja chini ya laptopu. Nilipanga vizuri. Wakati wa chakula nitapiga sidii kwenye deki ili mashine ipumzike ikiwa imewashwa. Sikutaka kuizima, kwa sababu betri ilikuwa imekufa na siku za joto ilikuwa inagoma kuamka. Chakula kikiisha dada atatolewa ndani, atapiga magoti kwenye ngozi mbele ya baba, na mimi nitabonyeza. Watu wataitikia. Ndicho kitu pekee nilichokitaka katika sherehe ile, na hata sasa sijui kama nimewahi kutaka kitu kingine kwa namna ile.

Wakwe walileta zawadi. Mama alivishwa blanketi, kama ilivyo desturi, blanketi nene jipya lenye picha ya chui, akapigiwa vigelegele. Alionekana mdogo ndani yake, na alifurahi. Halafu nikaitwa. Kaka lazima awepo ndani wakati dada anapotolewa, wajomba wakizungumza na upande wa pili mlangoni, wakivutana kwa utani mpaka waridhike. Nikaweka sidii ndefu, nikamwambia mshereheshaji asiruhusu mtu kugusa meza, hasa wapambaji, nikaingia ndani.

Yaliyotokea mezani nilisimuliwa baadaye na mama mwenyewe. Alipita kuangalia kama mashine yenye sauti ya baba iko salama. Akaweka mkono juu yake, kama anavyomgusa mtoto. Ilikuwa inaunguza. Ilikuwa inahema haraka haraka na kutoa mlio wa kifua kilichobana. Na jua lilikuwa linaanza kuinama, akakumbuka kwamba baridi iko njiani. Mshereheshaji alimwona, lakini ni nani angemzuia mama wa bibi harusi? Akalivua blanketi lake jipya, akalikunja mara mbili, akaifunika, akachomeka kingo vizuri pande zote ili upepo usiingie.

Nilitoka na dada nimemshika mkono. Akapiga magoti. Nikakimbilia mezani nikamkuta chui ananitazama.

Nilipofunua, joto lilinipiga usoni. Kifeni kilikuwa kimenyamaza. Skrini ilikuwa nyeusi. Nikabonyeza, haikuwaka. Nikaiondoa juani, nikaipepea kwa sahani, nikaipangusa tumbo kwa kitambaa chenye maji, mambo ya mtu aliyechanganyikiwa. Nikabonyeza tena. Mshereheshaji akatoa utani, halafu mwingine, na wa tatu haukuchekwa. Wakwe wakaanza kuangalia jua, kwa sababu dereva wa basi dogo walilokodi alikuwa amewaambia mapema kwamba njia ya kupanda hawezi kuipita gizani. Mjomba akakohoa. Baba alikuwa ananitazama mimi, si mashine. Nikatikisa kichwa.

Akasimama mwenyewe. Akaweka mkono juu ya kichwa cha dada, akafungua mdomo, akaanza. Nilikuwa mbali kidogo na sikusikia kitu, pumzi tu. Akasema, akanyamaza kusubiri waitikie. Hakuna aliyeitikia. Hawakuwa na ubaya, hawakujua kwamba amenyamaza, maana hawakujua kwamba alikuwa anasema. Akaendelea, akasubiri tena. Kisha kina mama waliokaa mbele wakaelewa, wakaitikia kwa nguvu kwa huruma yao, lakini waliitikia katikati ya maneno yake. Baba akakoma pale pale. Akapunga mkono kidogo, kama mtu anayekataa kuongezewa chai, akarudi kukaa.

Mjomba akamalizia kwa sala fupi ya Kiswahili, nzuri, ya kanisani. Vigelegele vikapigwa. Dada akaingia kwenye gari akilia, na kila mtu alisema ni machozi ya kawaida ya bibi harusi. Vumbi lao lilibaki juu ya njia muda mrefu.

Nisidanganye, nilitaka kumpiga mtu. Nilianza na mshereheshaji, nikamfuata nyuma ya nyumba nikimuuliza ni mpambaji gani aliyefunika meza yangu. Hakuwa amenijibu bado mama alipofika. Alilichukua blanketi pale nilipolitupa, akalikung'uta vumbi.

"Imepona?" akaniuliza. "Nilikuta ina homa, nikaifunika. Nilisema sauti ya baba yenu imo humu, isije ikapigwa na baridi."

Mshereheshaji akaangalia chini. Maneno yote niliyokuwa nimemwandalia mpambaji yalikuwa bado mdomoni.

"Imepona, mama," nikasema. "Asante."

Jua lilikuwa bado juu ya bega la mlima Hanang nilipoijaribu tena, na safari hii ikawaka, taratibu, kama vile haijui kilichotokea. Nilitaka tu kuhakikisha kwamba sauti ipo. Nilisahau kwamba spika bado zimewashwa na sikupunguza kitu. Sauti ya baba ikatoka nzima juu ya viti vitupu, juu ya sufuria na maturubai yaliyofunguliwa upande mmoja, ikawafikia hata majirani. Ikaenda mistari yake michache ya kwanza, ikafika kwenye pengo, ikanyamaza.

Mama alikuwa anapanga sahani. Akaitikia. Peke yake, bila kuacha sahani, kwa ile sauti nzito ambayo kwa kawaida ni ya watu mia. Pengo la pili akaitikia tena. Jirani yetu mfugaji, aliyekuwa anarudisha ng'ombe zake, akasimama njiani akiegemea fimbo, hajui hata neno moja la Kiiraqw lakini anajua baraka ni nini, na hakuondoka mpaka ilipoisha. Mama aliitikia mapengo yote. Baba hakugeuka. Alikaa ameelekea njia walikopita, skafu shingoni, na kila sauti yake iliponyamaza niliona mabega yake yanangoja.

Alifariki masika yaliyofuata. Tulimzika ndani ya mvua aliyokuwa akiwaombea watu.

Nyumba ya dada huko Dongobesh haikuwa nyepesi. Mtoto wa kwanza hakukaa, wa pili naye hakukaa, na mume siku hizi yuko mbali kikazi zaidi ya anavyokuwepo. Yapo mengi yanayoweza kuleta hayo, na daktari alitaja baadhi. Lakini mama ana neno lake moja. "Aliondoka bila kuitikiwa," anasema, akiwa anachambua maharage au anafagia, bila kumwambia mtu yeyote. Niliwahi kushauri tumpigie dada simu asikilizishwe ile rekodi. Mama alikataa. Yale ni maneno ya mtu anayeondoka, alisema, yatamfanyia nini aliyekwisha kwenda.

Dada mwenyewe nilimuuliza mara moja tu, nilipopita Dongobesh kikazi. Tulikuwa tumekaa jikoni kwake, koti langu sijalivua.

"Baba alisema, kaka," akaniambia. "Mpaka pale alipoishia, mimi nilisikia kila neno. Ni mimi tu niliyesikia. Na anayebarikiwa haitikii, si unajua?"

Nilijua. Nikanywa chai yangu.

Mama bado huniuliza, hasa mvua zikikaribia. "Hivi ile mashine siku ile ilipatwa na nini?"

"Ilikuwa imezeeka, mama."

"Na nilivyoifunika vizuri," anasema.

Udijei nimeuacha. Vijana wa sasa wana mashine ambazo hazichemki kirahisi, na matofali yangu yamo kwenye ukuta wa banda la kuku, hivyo yule mzee wa Dongobesh hakukosea sana. Rekodi niliihamisha zamani, sasa iko kwenye simu. Mwaka huu mama aliugua kifua, nikaenda Gendabi kukaa naye. Alasiri moja, akiwa kitandani amejifunika lile blanketi la chui ambalo limebaki nyuzi, aliniomba nimpigie sauti ya baba. Nilikuwa nimeitumia simu hiyo tangu asubuhi kuwajulisha ndugu hali yake, na ilikuwa ya moto. Nikaiweka godoroni karibu na sikio lake. Akanyoosha mkono akaigusa.

"Ina homa hii," akasema. "Ifunike."

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nafunua, natoa vitambaa vya watu, nagombana. Nikabonyeza rekodi, nikavuta ncha ya blanketi, nikaifunika, nikachomeka kingo.

Sauti ya baba ikatoka chini ya chui, nzito kidogo, ikafika kwenye pengo. Ndani ya pengo kulikuwa na kuku, na mama akitwanga, bado ana nguvu. Tukaitikia wawili.